Bo-Kaap: Kiafrikana kwa Herufi za Kiarabu

Nilipotembelea Cape Town nilipanda hadi mtaa wa Bo-Kaap, kwenye mteremko wa kilima cha Signal Hill. Wageni hupiga picha nyumba zake za rangi. Mimi, mwanafunzi wa lugha, nilisimama mbele ya msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka 1794. Waislamu wa mji huu, wengi wao wazao wa watumwa waliotoka Asia na Afrika, walikiandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyoandika Kiswahili. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi kilichapwa hivyo Istanbul mwaka 1877. Kwa hiyo lugha tunayoiita ya Makaburu ilikuzwa na watumwa pia. Kabla ya kusema lugha ni ya nani, tuulize waliiandika akina nani.