Kwa baiskeli hadi kaskazini, mvuani na milimani

Kila mwaka makundi ya waendesha baiskeli huondoka Land's End, ncha ya kusini magharibi mwa Uingereza, kuelekea John o' Groats, kaskazini mwa Scotland, umbali wa kilomita 1,400 hivi kwa barabara. Wengi wao huchangisha fedha za misaada: jamaa na marafiki huahidi kiasi fulani iwapo safari itakamilika.

Aghalabu huanzia kusini, kwa kuwa mara nyingi upepo wa nchi hiyo huvuma kutoka kusini magharibi na kuwasukuma mgongoni. Lakini upepo huohuo hubeba unyevu wa bahari ya Atlantiki, na mvua huwaandama.

Vilima vya Cornwall na Devon ni vifupi, vikali, tena vimefuatana. Ajabu ni kwamba hatari kubwa haiko katika kupanda. Anayepanda hupata joto. Anayeteremka akiwa ameloa hupigwa na upepo, vidole hufa ganzi, na breki zinazobana ringi yenye maji huchelewa kushika. Ndiyo maana kundi lililosongamana kwenye tambarare, mmoja akimkinga mwenzake na upepo, huachana nafasi mteremkoni. Chini husubiriana, wakahesabiana, kisha wakaanza kupanda tena.