Beringi za gurudumu: pula inatosha

Kwa sisi wa pikipiki hapa Grand Prairie, mji ambao haumo katika DART, gurudumu likigoma hakuna darasa. Na beringi ikivunjika mwendo kasi kwenye I-30, hapo siyo darasa tena, ni roho.

Inua gurudumu, lizungushe, kisha litikise kwa mkono. Likikwaruza au likicheza, beringi zimekwisha.

Madukani utaona seti kubwa kubwa. Tulia kwanza. Kifaa maalumu unachohitaji kweli ni pula yenye kucha zinazotanukia ndani ya beringi, kwa sababu lile bomba lililo katikati ya beringi mbili huziba njia, nyundo haipati pa kugonga. Soma namba iliyoandikwa kwenye beringi: 6202 ina tundu la mm 15, 6203 mm 17, 6004 mm 20. Pula ilingane na tundu hilo.

Kurudishia hakutaki seti. Laza beringi mpya kwenye friza, pasha habu joto kidogo, rudisha lile bomba, halafu gonga kwa soketi inayogusa ringi ya nje tu. Ukigonga ya ndani, umeiua kabla haijatembea.

Maduka kama AutoZone huazimisha vifaa kwa amana, ukirudisha unapewa hela yako. Ulizia huko kwanza. Wakikosa saizi yako, basi tuchange: pula moja inatutosha sote.