Picha 2,000 kwa Jioni Moja: Kwa Nini Kompyuta Husita na Namna ya Kuisaidia

Msafara wa kiongozi unapomaliza ziara ya siku nzima wilayani, kazi ya mpiga picha wa kitengo cha habari ndiyo kwanza inaanza. Kadi ya kumbukumbu iliyotolewa kwenye kamera inaweza kuwa na picha 2,000 au zaidi: uzinduzi wa mradi wa maji, ukaguzi wa zahanati, mkutano wa hadhara, wananchi wakiuliza maswali. Kati ya hizo, picha sita au saba ndizo zinazohitajika kwenye tovuti na kwa vyombo vya habari kabla ya taarifa ya habari ya usiku. Anafungua programu ya kuhariri picha, anazungusha gurudumu la kipanya ili azipitie, na badala ya picha anaona safu za visanduku vya kijivu.

Hapo ndipo makosa huzaliwa. Aliyechoka kusubiri huchukua picha ya kwanza iliyojitokeza vizuri, hata kama ile ya tatu baada yake ndiyo iliyobeba tukio. Mwingine huandika maelezo ya picha kwa kuangalia kijipicha chenye ukungu, na mgeni rasmi akapewa jina la mtu aliyekaa kando yake. Asubuhi yake hufuata lawama kwa kompyuta kwamba imezeeka, na ombi la kununua nyingine linapelekwa kwa Afisa Masuuli. Mara nyingi kompyuta haina kosa kubwa. Tatizo ni kile inachoagizwa kufanya.

Kamera nyingi za kitaalamu huhifadhi picha katika faili ghafi, maarufu kwa jina la RAW. Faili hilo, kusema kweli, bado si picha. Kila nukta ya kihisi cha kamera hupima rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na programu hulazimika kukokotoa rangi mbili zilizobaki kwa kulinganisha na nukta za jirani. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ina nukta milioni 24. Ikishafunguliwa kikamilifu kwa baiti mbili kwa kila rangi, huchukua takriban megabaiti 144 za kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Skrini ya kawaida ya pikseli 1,920 kwa 1,080, kwa upande wake, ina nukta milioni mbili na ushei, na kijipicha kimoja katika safu kinahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Kufungua nukta milioni 24 ili kuchora kisanduku cha ukubwa wa stempu ni sawa na kushusha shehena yote ya lori kwa ajili ya kutafuta mfuko mmoja.

Kwa sababu hiyo programu zote za aina hii hutumia nakala ndogo za kutazamia. Picha inapoingizwa kwa mara ya kwanza, programu huifungua, hutengeneza nakala iliyopunguzwa, kisha huihifadhi kwenye diski. Mtumiaji anapopitia mkusanyiko wake baadaye, anachokiona ni nakala hizo, na faili halisi haliguswi hadi atakapoanza kuhariri. Aidha, programu haichori picha zote 2,000 kwa pamoja. Huchora zile zilizo mbele ya macho na chache za juu na chini yake, na mtumiaji anaposogea huacha zilizopita na kuandaa zinazokuja. Ili mwendo uonekane laini katika skrini inayobadilisha taswira mara 60 kwa sekunde, kila taswira ina milisekunde 17 tu. Nakala iliyo tayari inaweza kuwahi muda huo. Faili ghafi lisilowahi kufunguliwa haliwezi. Visanduku vya kijivu, basi, ni ishara kwamba mtumiaji ameitangulia programu.

Ikumbukwe pia kuwa kamera yenyewe huweka ndani ya kila faili ghafi nakala ya JPEG, ile inayoonekana kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Programu ya Lightroom Classic, inayotumiwa na wapiga picha wengi, humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua wakati wa kuingiza picha: itumie nakala hiyo ya kamera, au itengeneze yake. Chaguo la kwanza huwezesha kuanza kuchambua picha muda mfupi baada ya kuchomeka kadi, na kwa kazi ya habari ndilo linalofaa. Lina kasoro moja inayowashtua wasioijua. Rangi za nakala ya kamera hulingana na mipangilio ya kamera, hivyo programu inapokuja kutengeneza nakala yake, picha huweza kubadilika kidogo rangi na mwanga mbele ya macho ya mhariri. Hakuna aliyeichezea. Programu imetafsiri data ileile kwa namna yake.

Chaguo la pili, la kutengeneza nakala kamili za picha zote, huchukua muda mrefu lakini halihitaji mtu kukaa mbele ya kompyuta. Anayerudi ofisini jioni na kazi yake ni ya kesho anaweza kuiacha mashine ikiandaa nakala usiku. Watumiaji wa darktable, programu ya bure inayoweza kupakuliwa na mtu yeyote, nao wana amri maalumu ya kutengeneza vijipicha vyote mapema.

Jambo la pili linalochelewesha ni mahali faili zilipo. Picha 2,000 za megabaiti 25 kila moja ni gigabaiti 50. Diski ya nje iliyounganishwa kwa njia ya zamani ya USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, itahitaji zaidi ya dakika 20 kuzisoma zote. Diski ya kuzunguka iliyomo ndani ya kompyuta, kwa megabaiti 120 kwa sekunde, itatumia takriban dakika saba. Diski isiyozunguka, ile ya SSD, kwa megabaiti 500 kwa sekunde, itamaliza katika sekunde 100. Wanaopitia picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi au kupitia mtandao wa ofisi huongeza ucheleweshaji bila kujua. Penye bajeti ndogo, SSD moja ya kuwekea programu, katalogi na nakala za kutazamia huleta nafuu kubwa zaidi kuliko kubadilisha kompyuta nzima. Faili halisi zinaweza kubaki kwenye diski ya kawaida, ambayo bei yake kwa kila gigabaiti ni ya chini.

Gurudumu la kipanya nalo lina hatari yake, ingawa huonekana dogo. Katika baadhi ya programu, darktable ikiwamo, kuzungusha gurudumu wakati mshale uko juu ya kitelezi cha mwanga au rangi kunaweza kubadilisha thamani yake badala ya kushusha ukurasa. Mhariri anayeteremka haraka anaweza kuiacha picha ikiwa na giza au rangi ngeni bila kukusudia. Mipangilio ya darktable ina kipengele cha kuamua gurudumu lifanye lipi kati ya hayo mawili, na ni vyema kikakaguliwa kabla ya kazi kuanza. Katika Lightroom Classic hatari iko kwenye kuchagua picha nyingi kwa pamoja huku ulinganishaji wa moja kwa moja ukiwa umewashwa: badiliko lililokusudiwa kwa picha moja huenda kwa zote zilizochaguliwa. Habari njema ni kuwa programu zote mbili haziandiki juu ya faili ghafi, hivyo badiliko la namna hiyo linaweza kutenguliwa.

Suala linalohitaji uangalifu zaidi, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni hatima ya nakala za kutazamia. Mtumishi anayefuta faili za picha kupitia folda, nje ya programu, anaweza kuamini kuwa zimeondoka. Programu itasema faili halionekani, lakini kijipicha kitaendelea kuonekana, na pengine hata nakala kubwa ya kutosha kumtambua mtu sura. Picha ya mgonjwa wodini au ya mwanafunzi darasani, iliyofutwa kwa nia njema, inaweza kubaki kwenye kompyuta inayokabidhiwa kwa mtumishi mwingine au kuuzwa kwa mnada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa kila anayekusanya na kuhifadhi taarifa za watu, na picha inayomtambulisha mtu ni miongoni mwa taarifa hizo. Njia salama ni kufuta ndani ya programu yenyewe, kisha kuondoa folda ya nakala za kutazamia kabla ya makabidhiano. Folda hiyo ikiondolewa hakuna picha halisi inayopotea, kwani programu huweza kuzitengeneza upya nakala za picha zilizopo.

Kinyume chake ni katalogi. Faili la katalogi halina picha ndani yake, lakini ndilo linalotunza marekebisho na mafungu, na mara nyingi maelezo ya picha pia. Likifutwa kwa kudhaniwa kuwa ni takataka ya kuongeza nafasi, ofisi hubaki na maelfu ya picha zisizo na majina, na anayemjua mzee aliyesimama kushoto kwa mgeni rasmi huenda ameshahama kituo. Kwa taasisi za umma jambo hili si la hiari. Picha za shughuli za Serikali ni kumbukumbu za umma, na utunzaji wake unaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Maelezo yakiandikwa ndani ya faili lenyewe au katika faili dogo linaloambatana nalo, badala ya kubaki kwenye katalogi pekee, picha husafiri na jina lake popote iendapo.

Mzigo huu utaongezeka kadiri picha za zamani zinavyohamishwa kutoka kwenye filamu. Fremu moja ya filamu ya milimita 35, ikichanganuliwa kwa nukta 4,000 kwa inchi, hutoa pikseli zipatazo milioni 21 na faili la megabaiti karibu 130 lisilobanwa. Mkanda wa fremu 36 hufikia takriban gigabaiti nne na nusu. Kwa makusanyo ya aina hiyo, nakala za kutazamia hutengenezwa mara moja tu, wakati wa kuchanganua, na mtafiti au mwananchi anayetafuta picha ya baba yake kwenye sherehe za miaka hiyo hupitia nakala hizo bila kugusa faili kuu hata kidogo.