Mnara wa Maji Juu ya Paa

Maji ya mtungi huwa baridi hata siku ya jua kali. Sababu yake ni kwamba udongo wa mtungi una vitundu vidogo sana; maji kidogo hupenya humo, hugeuka mvuke, na katika kwenda kwake huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Mahoteli, mahospitali na viwanda vingi vikubwa hupozwa kwa njia iyo hiyo, ila mtungi wao ni mnara uliowekwa juu ya paa.

Joto la vyumbani hatimaye hupewa maji yapitayo katika mabomba, nayo husukumwa kwa pampu mpaka mnarani. Huko humwagwa kama mvua, na pangaboi kubwa huvuta hewa ipite kati ya matone. Sehemu ya maji huwa mvuke. Yaliyosalia hupoa, yakarudi kuchukua joto jingine. Lakini hewa itokayo mnarani huchukua pia matone madogo mno, mfano wa ukungu. Tena maji yale ni vuguvugu. Yasipoangaliwa hufanya utelezi na kutu, na humo vijidudu hupata makao na chakula.

Mwezi wa Julai 1976, askari wa zamani wa Marekani zaidi ya 2,000 walikutana katika hoteli moja kubwa mjini Philadelphia. Siku chache baadaye wengi walishikwa na homa kali, kikohozi na kichomi. Jumla ya watu 221 waliugua, na katika hao 34 walikufa. Wengine hawakuingia hotelini kabisa. Walipita njiani tu, karibu nayo. Madaktari wakadhani ni mafua mabaya, wakadhani ni sumu, wala hawakuona kitu. Ila jambo moja lilionekana mapema: waliokaa sana katika ukumbi wa chini ndio walioshikwa zaidi. Basi wakashuku hewa.

Mwezi wa Januari 1977 ikatangazwa kwamba Joseph McDade na mwenziwe Charles Shepard wamekipata kijidudu chenyewe. Hakikukubali kuota katika vyakula vya kawaida vya kuoteshea vijidudu. Walikiotesha ndani ya mayai ya kuku. Kisha wakapima damu ya waliopona, wakaona ina kinga ya kupigana nacho. Kikaitwa Legionella, kwa jina la chama cha wale askari. Hukaa majini, na kwa kawaida mtu hakipati kwa mgonjwa mwenziwe, bali kwa kuvuta pumzi yenye matone.

Damu iliyowekwa akiba ikafumbua na fumbo la zamani. Mwaka 1968, mjini Pontiac, watu 144 walipata homa katika jengo moja, nalo, ajabu, lilikuwa jengo la idara ya afya yenyewe! Hapana aliyekufa. Mtambo wa kupozea ulikuwa na ufa katika njia ya kutolea hewa, na ukungu wake ukavujia katika njia ya hewa safi.

Wako wadhanio kwamba kubadili chujio la hewa kwatosha. Ni kweli chujio huzuia vumbi, na likijaa pangaboi hutaabika. Lakini chujio safi halisafishi maji ya mnarani. Kazi hiyo yataka mtu apande juu, akwangue utelezi, atie dawa ya kuua vijidudu, na kuangalia vizuizi vya matone kama vimevunjika.

Mwaka 2015, katika mtaa wa Bronx mjini New York, watu zaidi ya 130 waliugua kwa ukungu wa mnara mmoja. Mwezi wa Agosti mwaka ule mji ukatunga sheria: kila mnara uandikishwe, ukaguliwe, usafishwe, na maji yake yapimwe. Tangu hapo fundi hupanda na chupa yake, akateka maji kidogo, yakapelekwa kupimwa, na majibu yakaandikwa katika daftari la mnara ule.