BAISIKELI YA KWENDEA SHULE: TUCHAGUE KWA MACHO AU KWA MIGUU?



Sisi tukaao bweni hatuna haja ya baisikeli. Kutoka kitandani mpaka darasani ni hatua chache tu, na mwenye kuchelewa hana wa kumlaumu ila blanketi lake. Lakini wengi wetu tuna wadogo zetu wasomao shule za kutwa, na wazazi wengi wasomao gazeti hili wanaijua taabu ya mtoto aamkaye saa kumi na moja ya alfajiri ili awahi namba. Kwa ajili yao nimeona yafaa nieleze jambo tulilolifanya nyumbani katika likizo ya Desemba iliyopita, nalo ni kuchagua baisikeli. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilituchukua Jumamosi mbili, na kidogo tukosane.

Kwanza nieleze shida yenyewe. Kwetu ni katika bonde la Kilombero, si mbali na Ifakara, mahali penye nchi tambarare, mashamba ya mpunga na baisikeli nyingi. Mdogo wangu wa kike yupo Kidato cha Pili sasa, katika shule iliyo kilomita 7 kutoka nyumbani. Ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za serikali iliondolewa tangu Januari 2016, lakini njia haikufupishwa. Mtu atembeaye kilomita 5 kwa saa hutumia saa 1 na dakika 24 kwenda, na muda ule ule kurudi. Mwaka jana mdogo wangu alikosa kipindi cha kwanza mara nyingi, na siku tatu kwa wiki kipindi hicho kilikuwa cha hesabu.

Mama alianza kusema kwamba labda apangishiwe chumba karibu na shule pamoja na wasichana wenzake wawili. Baba hakujibu neno, lakini tangu siku ile hakulala vizuri. Binti wa miaka 15 kukaa chumba cha kupanga bila mtu mzima wa kumwangalia, kila mzazi anajua hatari zake. Basi tukauza magunia matatu ya mpunga uliobaki ghalani, Baba akasema, "Fedha hizi ni za baisikeli. Twendeni mjini sote watatu."

MIOYO MITATU DUKANI

Tulipofika dukani, kila mmoja wetu alikwenda upande wake.

Baba alisimama mbele ya baisikeli kubwa nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za fito na keria pana ya chuma. "Hii ndiyo baisikeli," akasema. "Nyingine zote ni michezo ya watoto." Mimi nilisimama mbele ya nyekundu yenye gia 18 na springi mbele na nyuma, tairi zake nene kama za pikipiki. Nikaanza kumweleza Baba faida za gia kama tulivyofundishwa katika fizikia. Mdogo wangu yeye hakusema kitu. Alikuwa ameshika usukani wa baisikeli ya bluu, nyembamba na nyepesi, isiyo na keria wala madigadi, akijitazama katika kengele yake.

Tulibishana hata mwenye duka akaketi. Baba aliniambia kwamba mimi natazama rangi. Nami kwa adabu nikamwambia kuwa yeye anatazama zamani. Neno lile lilimnyamazisha, na njiani kurudi akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa mdogo alishikwa na homa kali usiku, na Babu akamfunga kwa kanga juu ya keria ya baisikeli nyeusi kama ile, akamkimbiza hospitali. Kumbe Baba, tuliyemdhania kuwa ndiye mwenye akili ya matumizi, naye alikuwa akichagua kwa moyo. Nami nilipojichunguza usiku nikaona ya kwamba ile nyekundu nilikuwa namchagulia nafsi yangu, niipande wakati wa likizo mbele ya rafiki zangu.

Jumamosi ile tulirudi mikono mitupu. Lakini kabla ya Jumamosi ya pili nilichukua daftari nikaandika maswali, na maswali hayo ndiyo nipendayo kuwapa wasomaji.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KULIPA

Swali la kwanza: Itakwenda umbali gani? Kilomita 14 kwa siku ni kilomita 70 kwa wiki. Katika wiki 10 ni kilomita 700, nazo ni nyingi kuliko safari ya barabara kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Kwa hiyo sharti tupate chombo cha kazi ya kila siku.

Swali la pili: Inamfaa mpandaji? Baisikeli ni kama kiatu. Mpandaji asimame juu yake, miguu yote miwili ikanyage chini bila kuumizwa na bomba la juu. Kisha akae juu ya kiti na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe karibu kunyooka. Kiti kikiwa chini mno, magoti huchoka upesi. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huku. Mdogo wangu alipoijaribu ile nyeusi, ncha za vidole tu ndizo zilizogusa pedeli. Tena yeye huvaa sketi ya shule, na bomba la juu humlazimisha kurusha mguu mbele za watu. Hapo Baba mwenyewe akatikisa kichwa.

Swali la tatu: Itabeba nini? Daftari, chakula cha mchana, na siku nyingine ndoo au fagio vinavyotakiwa shuleni. Pasipo keria wala kikapu, mzigo wote huwa mgongoni. Na pasipo madigadi, maji ya matope huruka mpaka kwenye shati jeupe. Ile ya bluu ikaanguka hapo.

Swali la nne: Ikiharibika, nani ataitengeneza? Kijijini kwetu yupo fundi mmoja chini ya mwembe, ana koleo, spana, viraka na gundi. Tairi za kawaida, spoku, gololi na cheni anavyo. Lakini vipuri vya gia 18 hana, na springi za nyuma zikilegea hana dawa yake. Katika nchi tambarare kama yetu gia nyingi hazina kazi kubwa, na springi huongeza uzito na kumeza nguvu za miguu kila ukanyagapo. Wenzetu wa milimani, kama Lushoto au Mbeya, wanaweza kuamua vingine, maana kwao gia ni msaada wa kweli. Ile nyekundu yangu nayo ikaanguka, nami nikakubali, ingawa si kwa furaha.

Swali la tano: Itasimama? Raba za breki hukamata rimu. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu hung'aa sana, lakini ikilowa raba huteleza, na baisikeli huchelewa kusimama. Rimu ya aluminiamu haing'ai hivyo, lakini wakati wa mvua hushika vizuri zaidi. Hapo ndipo nilipokumbuka methali ya wazee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

HESABU KIDOGO

Wapo wenzangu watakaoniuliza, "Baisikeli isiyo na gia nyingi itakwenda mbio?" Tuhesabu. Tulichokipata katika duka la pili kilikuwa baisikeli ya mtumba kutoka Japani, yenye fremu iliyoinama katikati, kikapu mbele, keria nyuma, madigadi kamili na taa ya dinamo. Nilihesabu meno 32 mbele na 14 nyuma. Gawanya 32 kwa 14, utapata karibu 2.29, maana yake pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.29. Gurudumu lake lina mzingo wa karibu mita 2.07. Basi kila mzunguko wa pedeli huisogeza baisikeli mita 4.7 hivi. Mpandaji akizungusha mara 50 kwa dakika, mwendo usio wa kuchosha, huenda mita 236 kwa dakika, yaani kilomita 14 kwa saa. Kilomita 7 ni nusu saa. Ile saa 1 na dakika 24 imekuwa dakika 30, na pasipo gia hata moja ya ziada.

Umbo hili si geni. Ni mwaka 1885 ambapo John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baisikeli iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na cheni ya kuendesha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo huko Belfast, akapata hati ya tairi ya upepo. Tangu hapo mambo mengi yameongezwa, lakini mwili wa baisikeli umebaki ule ule.

KUIKAGUA YA MTUMBA

Kwa kuwa ya mtumba huuzwa pamoja na siri zake, sharti ikaguliwe. Fundi wetu alinifundisha mambo manne. Mosi, pindua baisikeli juu chini, zungusha magurudumu, utazame kama rimu inayumba. Pili, shika gurudumu ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, huenda gololi zimekwisha au zimelegea. Tatu, tazama fremu karibu na shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka au kuvimba huenda inaficha ufa, na fremu yenye ufa usiinunue hata kwa bei ya bure. Nne, pima cheni. Vipande 24, kutoka pini hadi pini, viwe futi 1 kamili. Vikizidi milimita 3 cheni imechakaa, nayo hula meno ya magurudumu yake. Ya kwetu ilikuwa nzima, ila tairi ya nyuma imekwisha, na kwa sababu hiyo tulipunguziwa bei. Fedha zilizobaki zilitosha tairi mpya, pampu na viraka.

NA MOYO JE?

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Baada ya hesabu zangu zote, nilimtazama mdogo wangu nikaona machozi yanamlenga. Baisikeli ile ilikuwa ya rangi ya kijivu iliyochujuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, hii ni baisikeli ya bibi. Watanicheka."

Mimi nilitaka kumkemea, maana maswali yangu matano yote yalikuwa yamejibiwa. Baba akanizuia. Akasema, "Mwanangu, kitu mtu anachokionea haya hakitunzi. Ataiacha chini ya mti na kutembea kwa miguu, nasi tutakuwa tumenunua chuma cha kuwekea kuku." Ndipo akamwuliza, "Mama, ungependa iwe rangi gani?"

Tukanunua kopo dogo la rangi ya bluu. Fundi akaisugua fremu kwa msasa, akaipaka mara mbili, na mdogo wangu akaruhusiwa kuchagua kengele mwenyewe. Alichukua yenye sauti kubwa kupita zote dukani. Tangu jioni ile hakuna aliyemwamuru kuipangusa baisikeli wala kuitia mafuta cheni. Gharama ya rangi na kengele ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na bei ya baisikeli, lakini naamini ndiyo iliyotupatia faida ya fedha zote nyingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kichwa cha makala haya ni hili: miguu ichague kwanza, macho yachague baadaye. Rangi, kengele na kikapu vinaweza kubadilishwa baada ya kununua. Urefu wa fremu, uzito na vipuri visivyopatikana havibadiliki kwa urahisi. Lakini anayeyanyima macho haki yao kabisa, naye amekosea hesabu, kwa sababu moyo wa mpandaji ni sehemu ya chombo.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba baisikeli yetu haina kasoro. Siku Mama alipokuja kunitembelea mwezi wa Aprili, aliniletea barua ya mdogo wangu. Ameandika ya kuwa mvua za masika zilipochanganya udongo wa mfinyanzi, matope yalijaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likagoma, naye akaikokota kilomita nzima huku akilichokonoa kwa kijiti. Madigadi niliyoyasifu sana ndiyo yaliyomkwamisha. Sasa hubeba kijiti ndani ya kikapu kila siku, na mahali penye ziwa la matope hushuka mapema.

Lakini mwisho wa barua aliandika mistari miwili niliyoisomea wenzangu bwenini. Kwanza, kwamba tangu Januari hajakosa kipindi cha hesabu hata kimoja, isipokuwa siku ile ya matope. Pili, kwamba Mama hazungumzi tena habari za chumba.

Basi, wazazi wetu, mtakapokwenda dukani mchukueni na mtoto mwenyewe atakayeipanda. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkiombwa shauri jiulizeni kwanza mnamchagulia nani. Mimi nilikaribia kumnunulia mdogo wangu baisikeli yangu.