Mtaa na Kitongoji: Dhana ya Ujirani katika Pwani ya Kilwa

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kiutawala nchini Tanzania Bara, mtaa ni wa mjini na kitongoji ni cha shamba. Mgawanyo huu unatokana na sheria mbili za mwaka 1982, Na. 7 ihusuyo mamlaka za wilaya na Na. 8 ihusuyo mamlaka za miji, pamoja na marekebisho yake. Kata ya Miteja, iliyo kaskazini ya Kilwa Kivinje, imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa. Kisheria, basi, ina vijiji na vitongoji, lakini haina mitaa. Makala haya yanaonyesha kuwa mpaka huo haulingani na maana ya mtaa katika jamii za Waislamu wa pwani.

2.0 Mtaa katika Miji ya Kale

Aghalabu mtaa wa Waswahili huchukuliwa kuwa zao la mji wa mawe. Historia haithibitishi dai hilo. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake na kueleza kuwa ulijengwa kwa miti. Huko Songo Mnara, uchimbaji ulioanza mwaka 2009 umebainisha kuwapo kwa nyumba za miti na udongo karibu na majumba ya mawe, pamoja na uwanja wa kati wenye msikiti na makaburi. Mjini Lamu, Mkomani ndiko kwenye majumba mengi ya mawe ya kale, ilhali Langoni kulitawaliwa na nyumba za udongo na makuti. Hata hivyo, pande zote mbili zina mitaa yake. Huko Mombasa, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, ambayo kwa pamoja ni Thenashara Taifa, ni majina ya makundi ya watu, wala si ya majengo.

Kiini cha mtaa, kwa hiyo, ni wajibu wa watu kwa watu: kuswali pamoja, kuzikana, kusomeana hitima, kuazimana vyombo vya shughuli na kulea watoto wa chuoni.

3.0 Ushahidi wa Lugha

Lugha yenyewe inaunga mkono hoja hii. Istilahi serikali za mitaa hujumuisha halmashauri za wilaya, ambazo kisheria zina vijiji na vitongoji. Vilevile, lugha ya mitaani si lugha ya mjini pekee, bali ni ile isemwayo na watu katika maisha yao ya kila siku. Maana pana ya neno imesalia katika semi hizi, ingawa sheria imeibana.

4.0 Hitimisho

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilibadili makazi ya watu wengi wa shamba. Haikufuta wajibu wa kuzikana. Mtafiti anayehesabu mitaa kwa kigezo cha sheria peke yake ataandika kuwa Miteja haina hata mmoja, na taasisi kongwe ya ujirani itakosekana katika kumbukumbu zake. Hapana budi kamusi zitenganishe maana mbili za mtaa: eneo la utawala wa mji, na jumuiya ya majirani, iwe mjini au shamba.