Swali la Mpemba: maji ya moto na ubishi wa miaka 2,300

Mwaka 1963, wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, katika milima ya Lushoto, walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa kina mama wa vijiji vya jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaingiza kwenye chumba cha barafu cha jokofu. Nafasi ilikuwa finyu na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa bado anachemsha maziwa yake alipomwona mwenzake akikoroga sukari kwenye maziwa mabichi na kuyawahisha jokofuni. Mpemba alijua kwamba akisubiri ya kwake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akayamimina yakiwa ya moto vilevile, akijua fika kwamba anahatarisha jokofu. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba alilikubali jibu hilo kwa muda, mpaka rafiki yake mmoja aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alipomweleza kwamba yeye huuweka mchanganyiko jokofuni ukiwa wa moto makusudi, ili ugande upesi. Wauzaji wengine wa pale mjini walifanya hivyohivyo. Walikuwa na jambo wanalolijua kwa mikono, nalo halikuwamo kitabuni.

Alipoendelea na masomo ya juu ya sekondari Mkwawa, Iringa, darasa lilifika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mpemba akauliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Usemi huo ukawa mzaha wa darasa zima: akikosea hesabu, wenzake walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Yeye hakunyamaza. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye jokofu la humo. Saa moja baadaye bika ya maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzijoto 35 na kingine nyuzijoto 100, ukaviweka katika jokofu, cha nyuzijoto 100 huganda kwanza, kwa nini? Darasa likacheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo hilo atakaporudi Dar es Salaam, na alitimiza ahadi. Fundi wake wa maabara alileta taarifa kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, ila wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi.

Kauli hiyo ya fundi inastahili kutafakariwa kuliko yote yaliyosemwa katika kisa hiki. Yeye hakuwa mzembe, wala hakuficha alichokiona. Alikiona, akakiripoti, lakini moyoni alikuwa tayari anajua ukweli unapaswa kuwaje. Mwaka 1962, mmoja tu kabla ya aiskrimu ya Magamba, Mmarekani Thomas Kuhn alikuwa amechapisha kitabu chake kuhusu mapinduzi ya kisayansi, akieleza kwamba wanasayansi wanaofanya kazi ndani ya nadharia iliyokubalika huwa wepesi kuweka kando matokeo yasiyolingana nayo, wakiyahesabu kuwa makosa ya vyombo au ya mtendaji. Ni vigumu kupata mfano unaolionyesha jambo hilo waziwazi kuliko huu wa Dar es Salaam.

Osborne na Mpemba walichapisha makala yao mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Katika vipimo vyao, maji yaliyoanza yakiwa na nyuzijoto zipatazo 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu na nyuzijoto 90 ndiyo yaliyotangulia. Mwaka huohuo, bila wao kujua, George Kell wa Kanada alichapisha makala juu ya jambo hilohilo. Huko kwao watu wa kawaida walikuwa wakiambiana wasioshe gari kwa maji ya moto wakati wa baridi kali, kwa kuwa yangeganda haraka kuliko ya baridi.

Mwalimu wa Mpemba hakuwa mjinga, na hoja yake ina nguvu. Maji ya nyuzijoto 100 hayawezi kufika sifuri bila kupita kwanza kwenye 35. Yakifika hapo, mbona yasichukue muda uleule ambao maji mengine yaliyoanzia 35 huchukua? Ukijumlisha na muda yaliotumia kushuka kutoka 100, lazima yachelewe. Hoja imenyooka, na inasimama juu ya nguzo moja tu: kwamba maji yenye nyuzijoto 35 ni yaleyale, hata yawe yametoka wapi.

Hapo ndipo penye kosa. Kipimajoto hutoa namba moja, lakini maji yaliyomo chomboni yana mambo mengi kuliko namba hiyo. Maji yaliyochemka yamepoteza sehemu ya ujazo wake kwa mvuke. Yametoa hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Yamo katika mwendo: yaliyopoa pembeni hushuka, ya moto hupanda, hivyo uso wa juu hubaki na joto zaidi kuliko wastani wa chombo na kulimwaga joto hilo hewani kwa kasi zaidi. Osborne alilitilia mkazo jambo hili la mwisho. Alipofunika maji kwa utando mwembamba wa mafuta, upoaji ulichelewa sana, ishara kwamba joto jingi lilikuwa linatokea juu.

Mvuke nao si jambo dogo. Kama maji yangepoa kutoka 100 hadi sifuri kwa kutoa mvuke peke yake, yangepoteza karibu asilimia 16 ya uzito wake. Uzito huo una maana kubwa kwa sababu kazi ngumu ya jokofu huanza pale kipimajoto kinaposoma sifuri. Gramu moja ya maji yaliyofika sifuri, ili igande, lazima itoe joto karibu sawa na lile ilitoalo ikishuka kutoka nyuzijoto 80 hadi 0. Maji yakipungua, barafu ya kutengeneza inapungua pia. Kell aliitegemea sana sababu hii.

Halafu kuna ukaidi wa maji yenyewe. Maji safi yaliyotulia hayagandi lazima yanapofika sifuri. Yanaweza kushuka chini ya hapo nyuzijoto kadhaa yakiwa bado majimaji, yakingoja punje ya vumbi au mtikisiko wa kuanzishia barafu. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha kwamba katika majaribio yake maji yaliyoanza yakiwa baridi yalielekea kushuka chini zaidi kabla ya kuganda kuliko yaliyoanza yakiwa ya moto. Na katika majokofu ya zamani, yenye ukoga mnene wa barafu, chombo cha moto huyeyusha ukoga ulio chini yake na kukaa barabara juu ya chuma baridi, ilhali chombo cha baridi hukaa juu ya ukoga unaozuia joto lisitoke. Ieleweke pia kwamba maziwa ya Mpemba yalikuwa yamechemshwa na ya mwenzake hayakuchemshwa, kwa hiyo trei zile mbili zilitofautiana kwa mengi zaidi ya joto.

Mpemba hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili, na hilo haliondoi sifa yake. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, walipovua juu ya barafu walimwagia matete yao ya kuvulia maji yaliyopashwa moto ili yagande upesi na kuyashikilia. Alieleza kwa nadharia yake kwamba hali moja huzidi nguvu inapozungukwa na hali iliyo kinyume chake. Katika karne ya 15 daktari wa Italia, Giovanni Marliani, aliweka nje wakati wa baridi maji yaliyochemshwa na yasiyochemshwa ili kuona yapi yatatangulia. Francis Bacon alilitaja jambo hili mwaka 1620, na René Descartes mwaka 1637. Mwaka 1775, Mskoti Joseph Black, yuleyule aliyegundua joto ambalo maji hutoa yanapoganda bila kipimajoto kushuka, alifanya majaribio juu ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe, baada ya kusikia kwamba watengenezaji barafu wa India waliyapendelea.

Ajabu ni kwamba baada ya karne mbili za maendeleo makubwa ya elimu ya joto, habari hii ilikuwa imefutika vitabuni. Karne ya 19 iliipa fizikia kanuni safi mno za nishati na halijoto, zikaendesha mitambo ya mvuke na viwanda. Kilichoonekana kupingana na usafi huo kilisogezwa pembeni, kikabaki kwa wavuvi, waosha magari na wauza aiskrimu. Kanuni hizo ni za kweli. Lakini kanuni ya Newton ya mwaka 1701, ile iliyotumika kumnyamazisha Mpemba, inazungumzia kitu kinachopoa kikiwa na halijoto moja kote na bila kitu chenyewe kubadilika, na bika ya maji ya moto jokofuni haiko hivyo.

Je, basi, ni kweli maji ya moto huganda kwanza? Jibu la uaminifu ni kwamba mara nyingine imeonekana hivyo, na mara nyingi haionekani. Mwaka 2012 jumuiya ya kemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilishindanisha watu kutoa maelezo bora, ikapokea majibu yapatayo 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, na Mpemba mwenyewe alialikwa London. Ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa makini muda ambao maji huchukua kufika sifuri na hawakupata ushahidi kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita 1 tu juu au chini kunatosha kumfanya mtu aamini ameiona athari ambayo haipo. Wengine wakawajibu kwamba kufika sifuri ni jambo moja na kuganda ni jingine.

Wakati watu wa maji wakiendelea kubishana, swali lilihamia kwingine na kushika mizizi. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo ulioanzia mbali na utulivu unaweza kuwa na njia ya mkato ambayo mfumo ulioanzia karibu hauipati. Mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walichukua punje ya kioo isiyoonekana kwa macho, wakaiongoza kwa miali ya leza ndani ya maji, wakarudia jaribio mara nyingi sana. Katika mpangilio waliouchagua, hali iliyoanza ikiwa ya moto ilifika kwenye utulivu kabla ya ile iliyoanza ikiwa vuguvugu. Punje ile haikuwa na mvuke, hewa iliyoyeyuka wala ukoga wa kusingiziwa. Tangu hapo jina la Mtanzania huyu limeingia hata katika utafiti wa chembe za kwanta, ambako wanafizikia hutafuta njia ya kufikisha mfumo mahali unapotakiwa kwa muda mfupi zaidi.

Kwa hiyo hukumu ya haki ina sehemu mbili. Kuhusu maji, anayesema kwamba ya moto huganda kwanza siku zote amekosea, na anayesema haiwezekani kamwe naye amekosea. Kuhusu hoja iliyotumiwa dhidi ya Mpemba darasani, ile kwamba wa mbali lazima achelewe kwa kuwa atapita alipoanzia wa karibu, fizikia imeshaamua: haishiki.

Jaribio hili linawezekana katika shule yoyote yenye jokofu, na walimu wa Kenya, Tanzania na kwingineko wanapaswa kuwaachia wanafunzi walifanye. Wachukue vyombo viwili vya aina moja, wapime maji kwa uzito kabla na baada, wavikalishe juu ya kitu kisichopitisha joto, na waamue mapema kama kuganda maana yake ni barafu ya kwanza kuonekana au chombo kizima kuwa kigumu. Kisha warudie mara nyingi, na waandike kila matokeo, hata yale wasiyoyatarajia.